Rangi zilizokolea kwa mtindo wa Skandinavia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi rangi, na kwa miaka 11 sasa nafanya kazi Göteborg, Uswidi. Wanaonipigia simu kwa Kiswahili, wawe hapa Uswidi, Norwei au Denmark, wawe nyumbani Dar, Nairobi au Mombasa, huanza kwa maneno yaleyale: "Nimeona picha ya sebule moja, ukuta kama mkaa, nataka vilevile, lakini naogopa." Haya ndiyo maswali yao, na haya ndiyo majibu ninayowapa.

Si nyumba za Skandinavia ni nyeupe? Hizi kuta nyeusi zimetoka wapi?

Weupe ule ni mgeni kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1930 yalifanyika maonyesho makubwa Stockholm, msanifu wake mkuu akiwa Gunnar Asplund, na hapo kuta tupu, madirisha mapana na vyumba vyenye mwanga mwingi vikatangazwa kuwa ndiyo maisha ya kisasa. Baadaye maduka ya samani yakaisambaza picha hiyo dunia nzima. Kabla ya hapo watu wa kaskazini walikuwa na rangi zao, na nyingi zilikuwa zimekolea.

Nenda Borgund, Norwei, ulione kanisa la mbao lililojengwa mwishoni mwa karne ya 12. Limepakwa lami ya misonobari tena na tena kwa mamia ya miaka, mpaka limekuwa jeusi, na pale panapopigwa sana na jua lina ukahawia. Nyumba za kale za wakulima wa Norwei nazo zilikuwa na moto katikati ya sakafu na tundu la moshi juu ya paa, magogo ya ukuta yakashiba masizi. Aliyekulia kwenye jiko la mafiga matatu anaijua rangi hiyo bila kuonyeshwa. Si nyeusi ya dukani. Ni nyeusi yenye kahawia ndani yake, na moto ukiwaka inapata uhai.

Uswidi wana nyekundu ya Falun, inayotokana na masalia ya mgodi wa shaba, ikapikwa na maji, unga wa nafaka na mafuta ya mbegu za kitani. Hiyo ni ya nje ya nyumba. Ukitaka ya ndani, hapo karibu na Falun, katika kijiji cha Sundborn, kuna nyumba ya mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin. Chumba chao cha kulia chakula ni chekundu na kijani, na kimesimama hivyo zaidi ya miaka mia.

Lakini mwalimu wangu mkubwa katika jambo hili ni mchoraji wa Denmark, Vilhelm Hammershøi, aliyeishi kuanzia 1864 hadi 1916. Kati ya 1898 na 1909 alikaa Strandgade namba 30, Copenhagen, na akaichora nyumba yake mwenyewe mara nyingi: kuta za kijivu kizito, meza ya kahawia, mlango mweupe uliofunguliwa nusu, mwanga hafifu unaoingia dirishani na kulala sakafuni. Hakuna kingine. Mteja akishindwa kunieleza anachotaka, namwonyesha michoro hiyo kabla ya kadi za rangi, na mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Huko kaskazini giza ni la miezi. Kwa nini mtu aongeze giza jingine ndani?

Hili ndilo swali lenyewe, na ukilielewa jibu lake, mengine yote yatakujia kirahisi.

Ukuta mweupe hauna mwanga wake. Unarudisha tu kile unachopewa. Mwishoni mwa Desemba hapa Göteborg jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa na nusu alasiri, na siku nyingi hulioni kwa sababu ya mawingu. Kaskazini ya mbali, Tromsø, halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Ukuta mweupe katika mwanga huo unageuka kuwa kama maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Unaukodolea macho ukisubiri uwe mweupe, nao hauwi.

Ukuta uliokolea hauhitaji mwanga mwingi ili uwe kitu. Unarudi nyuma, unanyamaza, na chochote kilicho mbele yake kinaonekana: taa ya mezani, mkate kwenye ubao, uso wa mtu anayezungumza nawe. Watu wa huku hawaongezi giza. Wanaipa taa ndogo mahali pa kuonekana.

Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, mwezi wa Novemba. Sebule nilikuwa nimeipaka bluu inayokaribia weusi, bluu ya kaniki. Aliingia, akasimama na koti lake, akaniuliza, "Mwanangu, humu mna msiba?" Nikamwambia hapana mama, karibu ukae. Jioni tuliwasha taa mbili na mshumaa, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na ukuta, amejitanda kanga yake ya kisutu. Jamani, ile nyekundu ya kisutu! Nimeiona kisutu maisha yangu yote, kwenye kamba, sokoni, harusini, lakini sijawahi kuiona ikiwaka kama ilivyowaka mbele ya ukuta ule. Hata nyeupe yake ilikuwa nyeupe kuliko siku zote. Nilimpiga picha, na picha hiyo ndiyo ninayowatumia wateja wenye hofu.

Nichague rangi gani? Nyeusi tii inafaa?

Nyeusi tii si ya kuta za sebuleni, nakuambia wazi. Inameza kila kitu na vumbi lote linaonekana juu yake. Ninazozipaka mara nyingi ni kijivu cha makaa chenye ukahawia kidogo, bluu ya kaniki, kijani cha msitu wa misonobari, kahawia ya udongo uliolowa, na damu ya mzee kwa wanaotaka joto zaidi. Rangi nzuri iliyokolea huwa na rangi nyingine imejificha ndani yake. Asubuhi unaiona kijivu, jioni kijani. Ikibaki ileile kutwa nzima, imekufa.

Ukiwa Uswidi au Norwei, kwenye kadi utakuta namba kama S 7502-Y. Huo ni mfumo wa namba za rangi uitwao NCS, uliotengenezwa Uswidi, na kuusoma si kazi. Tarakimu mbili za kwanza zinasema weusi ni kiasi gani kati ya 100: hapa ni 75. Mbili zinazofuata ni nguvu ya rangi yenyewe: hapa ni 02, yaani kidogo mno. Herufi ya mwisho inasema rangi hiyo imeelemea wapi: Y ni njano, R nyekundu, B bluu, G kijani, na N maana yake haikuelemea popote. Nyeupe ya kawaida ya nyumba nyingi za Uswidi ni S 0502-Y. Mimi kwa kuta zilizokolea hukaa kati ya 60 na 80 kwenye weusi. Chini ya 60 unaanza kupata kijivu cha ofisini, juu ya 80 unaelekea kwenye ile nyeusi tii inayomeza kila kitu.

Wanaotumia Jotun, kampuni ya Norwei iliyoanzishwa Sandefjord mwaka 1926 na ambayo ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaijua vizuri, wana namba zake wenyewe. Bluu yao namba 4477, Deco Blue, nimeipaka mara nyingi kiasi kwamba naitambua nikiwa mlangoni.

Usichague kwa kadi ndogo wala kwa simu. Nunua kopo dogo la majaribio, paka kartoni kubwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, iache ikauke, kisha ihamishe ukuta hadi ukuta: asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Usiiweke katikati ya ukuta mweupe ukaitazama, maana weupe unaoizunguka utaifanya ionekane nyeusi kuliko ilivyo. Iweke nyuma ya kochi, au kwenye kona.

Chumba changu ni kidogo. Hakitazidi kubana?

Watu wengi hawaniamini hapa mpaka waone. Kinachokufanya uhisi chumba ni kidogo ni kuona mwisho wake waziwazi: kona zote nne, mstari wa dari, mstari wa sakafu, fremu nyeupe ya mlango. Rangi iliyokolea inazificha kona. Jicho halijui ukuta umeishia wapi. Vyumba vidogo, korido na choo ndiko ninakopenda kuanzia, kwa sababu hasara ikitokea ni ndogo na mara nyingi haitokei.

Sharti ni moja: ukishaamua, paka vyote. Ukuta, mbao za chini ya ukuta, fremu, mlango, na kile kipasha joto kilichofungwa chini ya dirisha, vyote rangi moja. Ukiviacha vyeupe, umechora mistari ya kukuonyesha jinsi chumba kilivyo kidogo. Dari nayo? Chumba cha kulala, ipake. Ukilala chini yake utalala vizuri. Sebule, mimi naiacha iwe na weupe uliovunjwa, nyeupe iliyotiwa tone la rangi ya ukuta, kwa sababu mwanga wa taa unahitaji mahali pa kugonga na kurudi.

Nikipaka ukuta mmoja tu?

Hapana. Ukuta mmoja mweusi kati ya kuta tatu nyeupe unaonekana kama kiraka. Kama una hofu, chagua chumba kimoja, si ukuta mmoja.

Taa zipangwe vipi?

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mtu anatumia pesa kwenye rangi, halafu anawasha taa moja kali katikati ya dari, na chumba kinakuwa kama korido ya kituo cha polisi.

Ifikirie nyumba ya Uswidi saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi. Taa ya dari haijawashwa. Kuna taa ndogo dirishani, kwa sababu Waswidi huweka taa kwenye kizingiti cha dirisha karibu kila nyumba, na Desemba wanaongeza kile kinara cha pembetatu chenye taa saba. Kuna taa inayoning'inia juu ya meza ya chakula, chini kabisa, sentimita 60 hivi kutoka mezani. Kuna taa ya kusimama pembeni ya kiti cha kusomea, na nyingine kwenye rafu. Sebuleni mimi nahesabu tano hadi saba, zote ndogo, zote chini ya usawa wa macho au karibu nao. Kila moja inatengeneza duara lake la mwanga, na kati ya duara na duara kuna kiza cha kupumzisha macho.

Balbu ziwe za 2700 K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, kimeandikwa kwenye boksi), ule mwanga wa njano unaokaribia wa mshumaa. Balbu za 6500 K zinazouzwa sana kwetu kwa jina la "nyeupe" zitaifanya bluu yako iwe ya barafu na kahawia yako iwe tope. Ukibadilisha kitu kimoja tu nyumbani kwako baada ya kusoma hapa, badilisha balbu.

Usiione balbu yenyewe. Mdenmark Poul Henningsen alishughulika na jambo hili tangu miaka ya 1920. Aliunda taa yenye vifuniko vitatu vilivyopangwa kwa hesabu, ili mahali popote ulipokaa usiione balbu, uone mwanga tu uliokwisha kulainishwa. Ile iitwayo PH 5 ni ya mwaka 1958 na bado inatengenezwa. Ni ghali. Lakini funzo lake ni la bure: kaa kwenye kila kiti chako, tazama kila taa, na kama balbu inakuchoma macho, ishushe, igeuze au iwekee kifuniko.

Rangi ing'ae au ising'ae?

Ising'ae. Nililijua hili kwa gharama. Mwaka wangu wa pili kazini nilipaka korido ya mteja kijani kizito kwa rangi yenye mng'ao wa kati, nikifikiri itafutika kirahisi. Ilipokauka, mwanga wa mlangoni ukaingia kwa ubavu ukaonyesha kila kitu: kila njia ya rola, kila mahali nilipoziba tundu la msumari, na mstari wa mahali nilipopumzika kunywa chai. Nilipiga msasa korido nzima, nikapiga puti upya, nikarudia kwa rangi isiyong'aa, na sikumdai mteja hata senti.

Ndoo za Uswidi zina namba ya mng'ao. Namba 3 na 5 hazing'ai kabisa, 7 ndiyo ya kuta za kawaida, 20 na 40 ni za milango na mbao. Kwa ukuta uliokolea chukua 5, au 7 kama kuna watoto. Ujue pia kwamba rangi iliyokolea isiyong'aa ni nyepesi kuumizwa: pitisha ukucha juu yake, utaacha mstari mweupe. Mwingine huondoka kwa kitambaa chenye unyevu, mwingine hauondoki. Kwa hiyo usipake mahali ambapo mabegi yanasugua ukuta kila siku bila kuweka mbao za kinga hadi usawa wa kiuno.

Na maandalizi ya ukuta ni nusu ya kazi, kama si zaidi. Ziba, piga msasa, futa vumbi, paka praima, yaani rangi ya chini, iliyotiwa kijivu. Praima nyeupe chini ya rangi nyeusi itakulazimisha kupaka mkono wa tatu.

Samani na sakafu ziweje?

Sakafu iwe nyepesi. Hiyo ndiyo siri ya zile picha mnazonitumia: tazameni chini. Wadenmark na Waswidi huosha mbao za sakafu kwa sabuni ya asili, wengine kwanza huzipaka magadi makali, ili msonobari au mwaloni usigeuke njano. Ukuta unazama, sakafu inaelea. Ukuta mweusi na sakafu nyeusi pamoja vinataka chumba kikubwa chenye dari ndefu, na wengi wetu hatuna.

Mbao ziachwe zionekane kama mbao. Kiti cha Mdenmark Hans J. Wegner, mbunifu wa samani, cha mwaka 1949, kile chenye mgongo wa herufi Y na kikalio cha kamba ya karatasi iliyosukwa, kikiachwa bila rangi wala vanishi inayong'aa, mbele ya ukuta wa kijani kizito unaona kila mkunjo wa mkono wa seremala. Huna haja ya kukinunua hicho. Tanzania kuna paina ya Mufindi, ambayo ni ndugu wa msonobari wa Uswidi. Mwambie seremala asiipake vanishi ya rangi ya mninga, kama wanavyopenda, aipige msasa tu na kuipaka mafuta. Wengi watakushangaa. Simama hapo hapo karakana mpaka amalize.

Kaskazini wanaweka ngozi ya kondoo, sufu na kitani, kwa sababu ndivyo walivyo navyo na kwa sababu ya baridi. Kazi ya vitu hivyo mbele ya ukuta uliokolea ni kuleta mguso, kitu kisicho laini wala kisichong'aa. Mkeka wa ukindu unaifanya kazi hiyohiyo. Zulia la mkonge pia. Kapu kubwa la kuwekea nguo, mbele ya ukuta wa rangi ya makaa, ni zuri kuliko picha nyingi za dukani.

Na vitu viwe vichache. Ukuta uliokolea uliojaa fremu, saa, kalenda na maua ya plastiki unachosha.

Nimepanga. Naruhusiwa kupaka?

Uswidi, mpangaji mwenye mkataba wa moja kwa moja kwenye jengo la kupangisha ana haki kisheria ya kupaka rangi na kubandika karatasi za ukutani kwa gharama zake. Ila kazi ikiwa mbovu au ikipunguza thamani ya nyumba, anaweza kudaiwa fidia akihama. Ukiwa umepangishwa na mpangaji mwenzako, au umepanga nyumba ya mtu binafsi, omba ruhusa kwa maandishi kabla hujafungua ndoo. Nchi nyingine soma mkataba wako, na piga picha za kuta kabla ya kuanza.

Chumba cha giza hakitaniletea huzuni wakati wa baridi?

Nalichukulia swali hili kwa uzito, maana nimewaona ndugu zetu waliofika hapa kutoka Goma na Bukavu wakipata shida kweli katika baridi yao ya kwanza. Huzuni ya baridi haiji na rangi ya ukuta wala haiponywi nayo. Toka nje mchana, hata kama kuna mawingu, na hali ikikuzidi nenda kwa daktari bila aibu. Upande wa nyumba, ushauri wangu ni huu: chumba unachokaa mchana, hasa jikoni, kiache chepesi. Chumba unachokaa jioni na cha kulala ndivyo vya kukoleza. Na kama moyo wako unakataa, usipake. Nyumba ni yako, picha ni za wengine.

Niko Dar (au Mombasa, au Zanzibar). Mtindo huu unafaa kwenye joto?

Unafaa, ukijua kinachobadilika.

Ukuta wa nje uliokolea unaopigwa jua unanyonya joto na kuliingiza ndani. Nje ya nyumba Pwani, usifanye hivyo. Wazee waliopaka chokaa nyeupe Lamu na Unguja walijua walichokifanya. Ndani ni jambo jingine: ukuta usiopigwa jua moja kwa moja hauongezi joto la maana kwa sababu ya rangi yake, na macho yanayotoka kwenye jua la saa nane mchana hupata nafuu kubwa yakiingia chumba chenye kivuli.

Vitabu vya huku vinasema chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi na cha kusini kina mwanga wa joto. Ukiwa karibu na Ikweta usiufuate ushauri huo. Dar es Salaam jua la mchana liko karibu utosini, Juni likiegemea kaskazini na Desemba likiegemea kusini kidogo. Kwako wewe mashariki na magharibi ndiko kwenye maana. Chumba cha magharibi kitapigwa na jua la jioni, na damu ya mzee au kahawia ya udongo itawaka humo kama makaa. Ukikitaka kitulie, weka bluu au kijani.

Adui wako ni unyevu na chumvi. Ukuta unaotoa chumvi utaonyesha unga mweupe juu ya rangi iliyokolea ndani ya wiki chache, na hakuna rangi itakayouficha. Tafuta maji yanaingilia wapi kwanza. Plasta mpya iache ikauke wiki nne angalau. Na acha upepo upite. Kabati kubwa lisigusane na ukuta wa nje, la sivyo kuvu itaota nyuma yake usijue.

Ninunue rangi kiasi gani?

Lita moja inapaka takriban mita 8 za mraba kwa mkono mmoja. Ukuta wa mita 4 kwa 2.5 ni mita 10 za mraba, mikono miwili ni 20, kwa hiyo lita 2.5. Nunua 3. Ukihitaji ndoo mbili, changanya zote kwenye chombo kimoja kabla ya kuanza, kwa sababu rangi iliyokolea ya ndoo moja haifanani sawasawa na ya ndoo nyingine, na tofauti itaonekana katikati ya ukuta. Kilichobaki kihifadhi kwa ajili ya mikwaruzo.

Vumbi je?

Ukutani, kama si nyeusi tii, halionekani sana. Kwenye rafu nyeusi linaonekana siku hiyohiyo. Rafu ziache za mbao.

Nikichoka nayo, naweza kurudi kwenye nyeupe?

Ndiyo. Praima nzuri ya kufunika, kisha mikono miwili au mitatu ya nyeupe. Ni kazi ya siku mbili kwa chumba cha kawaida.

Nimepaka mkono wa kwanza, ukuta una madoa na mistari kila mahali. Nimeharibu?

Hujaharibu. Simu nyingi ninazopigiwa usiku ni za swali hili. Mkono wa kwanza wa rangi iliyokolea hutisha kila mtu: sehemu imeshika, sehemu haijashika, kingo ni nyeusi na katikati ni hafifu. Usirudi kugusa pale panapoanza kukauka, maana rola itavuta rangi na kuacha jeraha ambalo mkono wa pili hautalifunika. Rangi hizi zina unga mwingi wa rangi ndani na hukawia kukauka kuliko nyeupe, kwa hiyo hata kama ndoo inasema zikae muda wa saa nne, mimi nasubiri mpaka kesho yake. Asubuhi pitisha kiganja, kama ukuta hauna ubaridi wala haunati, paka mkono wa pili kutoka dirishani kwenda ndani, rola iwe imeshiba, kila njia iingie kwenye ile iliyotangulia kabla haijakauka, na umalizie kwa kuvuta kutoka juu hadi chini bila kukandamiza. Kisha ufunge mlango, usiutazame mpaka jioni utakapowasha taa.